Yule Jamaa Hayumo

Ukipanda treni ya Kigoma kutoka Tabora, unapita Mabama, halafu Usoke, ndipo ufike Urambo. Usoke treni haikai sana. Wauza asali, karanga na matobolwa wanakimbilia madirishani, honi inalia, basi, vumbi linatulia na mji unarudi kulala. Mimi ni mtoto wa hapo.

Mtaani kwetu alikuwapo fundi seremala mmoja ambaye tulimjua kuwa ni Muha wa Kasulu. Vitanda vya nyumba nyingi pale vilitoka mikononi mwake, vya mninga, vizito kiasi kwamba mtu akihama anakiuzia kwa jirani kuliko kukibeba. Baba yangu alipofariki, jeneza alilitengeneza yeye na hela hakutaka kuisikia. Kiswahili chake kilikuwa na ladha ya Kigoma, na sisi watoto tulikuwa tunamwigiza anavyotamka, anacheka, anatutupia vipande vya mbao tukatengenezee magari.

Hakuwa Muha. Alikuwa Mrundi aliyevuka mpaka mwaka 1972, akiwa kijana wa miaka ishirini hivi. Nimekuja kulijua hilo nikiwa mtu mzima, mwandishi wa habari mwenye kinasa sauti kwenye begi. Aliyeniambia ni mama yangu, huku anachambua mchele, kwa sauti ile ile anayotajia bei ya sukari. "Kwani wewe ulikuwa hujui? Mtaa mzima unajua."

Mtaa mzima unajua, na mtaa mzima umenyamaza miaka yote hiyo. Nataka kuandika juu ya ukimya huo, na juu ya makala moja niliyoiandika vibaya. Na kuna swali limenikaa kooni tangu wakati huo: watu wa nchi moja wakishauana, habari ile isimuliweje ili watoto wao warithi ukweli bila kurithi vita?

Tuanze na historia kidogo, maana wengi wetu tunaijua Burundi ya vita vya miaka ya tisini tu. Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Hata kabla ya bendera kupanda, damu ilikuwa imeshamwagika. Mwanamfalme Louis Rwagasore, ambaye chama chake cha UPRONA kilishinda uchaguzi wa Septemba 1961, alipigwa risasi tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo. Januari 1965 akauawa Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe. Mwaka 1966 jeshi likaufuta ufalme na Michel Micombero akawa rais. Uhuru ulikuwa na miaka minne tu, na tayari swali lilikuwa limeshahama kutoka "tutajitawalaje?" kwenda "nani kati yetu ni mwenye nchi?"

Tarehe 29 Aprili 1972 waasi Wahutu walishambulia kusini, pande za Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua Watutsi waliowakuta. Jibu la serikali halikuwa kuwasaka waasi peke yao. Kwa miezi kadhaa walikamatwa na kuuawa walimu, wanafunzi, makarani, wachungaji, askari na wafanyabiashara Wahutu, yaani karibu kila Mhutu aliyejua kusoma au aliyekuwa na duka. Majina yalikuwa kwenye orodha. Makadirio ya waliouawa yanaanzia 100,000 na kufika 300,000. Warundi wanauita msiba huo Ikiza, maana yake balaa. Na waliouawa walipewa jina: abamenja, wasaliti.

Walionusurika wakavuka kuja kwetu. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa ardhi porini. Hapa Tabora makazi yao yakawa Ulyankulu, upande wa kaskazini ya Usoke na Urambo, na upande wa Mpanda yakawa Katumba na Mishamo. Walifyeka miombo, wakalima mahindi, mihogo na tumbaku, wakajenga makanisa. Barabara za makazi zikapewa namba badala ya majina, na kama uliwahi kukaa nyumba yenye redio Jumapili asubuhi unaifahamu Kwaya ya Barabara ya 13 Ulyankulu. Nchi nzima imeimba nao, na sidhani kama wengi waliwahi kujiuliza ile barabara ilianzia wapi. Mwaka 2007 ukafikiwa mpango wa kuwaacha watu wa 1972 wachague kurudi au kuwa Watanzania. Wengi sana wakachagua kubaki, na zaidi ya 162,000 wakapewa uraia, ingawa vyeti vyenyewe walianza kuvipata mwaka 2014.

Basi, Aprili 2022 ilitimia miaka hamsini tangu Ikiza, na gazeti nililokuwa nalifanyia kazi likanituma Ulyankulu. Nilifurahi. Nilijiona mtu wa karibu, mtoto wa hukohuko, nisiyehitaji kuelekezwa njia. Nikakaa siku nne. Wazee walinipokea vizuri, wakanipa viti, wakanisimulia. Siku ya tatu nikaanza kuona jambo. Visa vilikuwa tofauti, vijiji tofauti, lakini hadithi ilikuwa moja. Ilianza mahali pamoja, kwamba sisi tulikuwepo kwanza. Ikapita mahali pamoja, kwamba wao walikuja kwa hila. Ikaishia pamoja pia. Hata vijana waliozaliwa Tanzania, ambao Burundi wanaiona kwenye ramani, waliisimulia kwa mpangilio ule ule, kama katekisimu. Simaanishi kwamba walidanganya. Waliyoyapitia wazee wale yalikuwa ya kweli, na niliwaona wakilia. Ninachosema ni kwamba ndani ya hadithi ile upande wa pili haukuwa na mtu. Kulikuwa na "wao" tu.

Nikarudi Usoke kulala kwa mama, ndipo akanipa ile habari ya fundi. Kesho yake asubuhi nikaenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja lini? Mama hajambo?"

Tukaongea mbao, tukaongea bei ya mninga na vibali vya kuvunia, tukamwongelea marehemu baba. Nikazunguka, nikazunguka, mwisho nikauliza. Akaniangalia kwa muda. "Mimi ni Muha," akasema. Akachukua randa, akaendelea na kazi. Nikaaga kwa aibu.

Jioni alimtuma mjukuu aniite. Alikuwa amekaa nje, giza limeshaanza kuingia. Akaniambia nisiwashe chochote. Haya ndiyo aliyonisimulia.

Kwao ni kusini ya Burundi, milimani. Alikuwa anasomea ualimu na alikuwa nyumbani mambo yalipoanza. Mlima ule ule, mwendo wa dakika chache, alikaa jirani Mtutsi, mtu wa makamo, ambaye baba zao walipeana ng'ombe. Wiki ile ya mwanzo waasi walimuua ndugu wa huyo jirani, mdogo wake wa tumbo moja, aliyekuwa amekwenda ziwani kununua samaki. Fundi alikwenda kuhani. "Nilikaa pale matangani sijui niweke wapi macho," akaniambia. Baada ya siku chache jirani yule akaja usiku kumgongea. Akamwambia kuna orodha, jina lako limo, usilale hapa. Akampa blanketi. Akatembea naye usiku mzima kwa njia za ng'ombe hadi walipouona mto, halafu akageuka kurudi, kwa sababu asubuhi ilibidi aonekane kwake.

"Mtu ambaye watu wetu wamemuulia mdogo wake," mzee akasema. "Huyo ndiye aliyenivusha."

Nikamuuliza kwa nini hajawahi kuisimulia. Akasema aliwahi, mara moja, miaka ya mwanzo Ulyankulu, jioni watu wameota moto. Kukawa kimya. Kisha mmoja akamuuliza: na wewe ulifanya nini hasa hata wakakuacha? Akaelewa kwamba pale hadithi yake ilikuwa haina pa kukaa. Mwaka uliofuata akatoka makazini kimyakimya, akafuata kazi ya ukibarua kwenye mabani ya tumbaku, akajifunza useremala, akafika Usoke. Walipomuuliza kabila akasema Muha, kwa sababu lugha zinafanana na hakuna aliyemuuliza zaidi.

Mwishoni akaniambia: "Mimi niache. Lakini yule mtu muandike."

Niliandika. Nikamweka jirani yule katikati ya makala, bila jina la mtu wala la mlima. Mhariri akaipenda makala, ila aya ile akaikata. Alisema inamchanganya msomaji; siku ya kumbukumbu ya wahanga si siku ya kuwasifu wauaji. Nilibisha kidogo. Nisiseme uongo hapa: nilibisha kidogo sana. Makala ilikuwa ukurasa wa kati, picha kubwa, jina langu kwa herufi nene. Ilitoka na machozi yote ya Ulyankulu, na jirani hakuwamo.

Nilipokwenda tena Usoke nilimkuta fundi ameshasomewa na mjukuu. "Umeandika vizuri, mwanangu," akaniambia. Akakaa kidogo. "Ila yule jamaa hayumo."

Hakusema zaidi ya hapo. Alifariki mwaka jana, na ninayaandika haya kwa ridhaa ya wanawe, ambao wao wenyewe wanajiita Wanyamwezi na wana haki hiyo.

Sasa tuje kwenye swali. Nilipokuwa nahangaika na jambo hili nilikutana na kitabu cha mwanaanthropolojia Liisa Malkki, Purity and Exile, kilichotoka mwaka 1995. Miaka ya 1980 Malkki alifanya utafiti kwa wakimbizi hawahawa wa 1972 katika sehemu mbili: makazi ya Mishamo, na mji wa Kigoma. Mishamo alikuta kile nilichokuja kukikuta Ulyankulu miaka mingi baadaye, historia iliyosimuliwa kama maandiko matakatifu, yenye watu safi upande mmoja na wadanganyifu upande wa pili. Kigoma mjini alikuta kinyume chake. Wale walikuwa wameoa, wamebadili majina, wamekuwa Waha, wamekuwa Waswahili, na hawakutaka kabisa kuitwa wakimbizi. Kambini walikumbuka kwa bidii. Mjini walisahau, au walijifanya wamesahau, kwa bidii ile ile.

Mtu anaposoma habari hiyo anashawishika kuchagua. Kuna watakaosema wa Kigoma ndio wenye hekima, yaliyopita si ndwele. Kuna watakaosema wa Mishamo ndio waaminifu kwa wafu wao. Mimi nilikuwa kundi la pili. Mwandishi wa habari unafundishwa hivyo, kwamba ukimya ni adui na kusema ni dawa. Fundi wetu hakukaa upande wowote. Mwilini aliishi kama mtu wa Kigoma, jina jingine, kabila jingine. Lakini hakusahau chochote. Alinyamaza kwa sababu hadithi iliyokuwepo ilimtaka amtoe mtu mmoja ndani yake, na yeye akaona ni afadhali kutosimulia kabisa.

Jina la Malkki ni la Kifini, na katika kupekuapekua likanipeleka Ufini, nchi ambayo mimi nilikuwa naijulia simu za Nokia na misaada ya misitu. Nikashangaa. Ufini ilijitangazia uhuru tarehe 6 Desemba 1917. Kabla miezi miwili haijatimia, mwishoni mwa Januari 1918, Wafini walikuwa wanapigana wenyewe kwa wenyewe, Wekundu wa wafanyakazi na wakulima wasio na ardhi dhidi ya Weupe wa serikali na wenye mali. Vita havikufika hata miezi minne. Katika nchi ya watu milioni tatu na ushei walikufa zaidi ya 36,000, wengi wao Wekundu, na zaidi ya 12,000 kati ya hao walikufia kwenye kambi za wafungwa kwa njaa na maradhi, wakati bunduki zimeshanyamaza. Wengi wao lugha moja, dini moja, hakuna kabila la kusingizia. Yaani wale wanaotuambia kwamba sisi Waafrika tunauana kwa sababu ya makabila wangepaswa kupelekwa kwanza kwenye makaburi ya Tampere.

Kilichonigusa zaidi ni kilichofuata. Washindi waliviita vita vya uhuru. Walioshindwa waliviita vita vya matabaka. Kila upande na sherehe zake, kila upande na wafu wake, ila ni wafu wa washindi waliojengewa minara. Hali iliendelea hivyo kwa miaka arobaini. Ndipo akatokea mwandishi aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo Tampere, Väinö Linna, akatoa riwaya ya juzuu tatu kati ya mwaka 1959 na 1962. Juzuu la pili, lililotoka 1960, linaingia ndani ya vita vyenyewe kupitia familia ya wakulima wanaolima ardhi ya mwingine. Wekundu, waliokuwa wahaini tu kwenye hadithi ya shule, wakawa watu wenye majina, mashamba na mama zao. Na Linna hakuwaosha. Wekundu wake nao wana damu mikononi, na mchungaji wa upande wa pili ana moyo wake na upofu wake. Nchi ikagombana juu ya kitabu, wanahistoria wakakasirika, kisha polepole wakarudi kwenye kumbukumbu zao kuangalia upya.

Na sisi hatuhitaji kwenda Ufini kutafuta mfano. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 na mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja na siku mbili. Adam Shafi alituandikia Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978, riwaya iliyosimama na wakulima na mapinduzi yao, na ilistahili kuandikwa, maana kwenye makasri yale mtumwa na mtwana hawakuhesabiwa watu. Lakini Shafi huyohuyo, aliyewekwa kizuizini baada ya Rais Karume kuuawa tarehe 7 Aprili 1972, mwaka 2003 alitupa Haini, riwaya ya wafungwa wa mapinduzi yaleyale. Angalia tarehe hizo. Wiki tatu kabla ya Ikiza, kisiwani kwetu nako neno lilikuwa hilohilo. Haini kwa Kiswahili, abamenja kwa Kirundi. Ukishamwita mtu hivyo, kinachofuata hakihitaji ushahidi. Namheshimu Shafi kwa sababu alikuwa na kitabu cha kwanza kilichompa heshima, angeweza kutulia nacho, na bado akaenda kumtafuta mtu aliyekuwa hayumo.

Hapa najua msomaji fulani ameshakunja uso. Mhariri wangu hakuwa mjinga, na hoja yake naichukulia kwa uzito. Hoja inasema hivi: mauaji ya 1972 hayakuwa ugomvi wa watu wawili wenye nguvu sawa. Dola liliwaua raia wake kwa orodha. Ukianza kumtafuta "Mtutsi mwema", unapunguza makali ya kosa, unamlazimisha mfiwa aje na shukrani mkononi. Kwa nini kila mara aliyeumizwa ndiye aambiwe awe na roho kubwa?

Ni hoja ya kweli, na kama ningekuwa namwambia mjane wa Ulyankulu "msimulie na wema wao", ningestahili kufukuzwa kwenye kiti alichonipa. Hakuna anayedaiwa kumtaja jirani ambaye hakuwa naye. Wengi hawakuwa naye.

Lakini tuitazame hesabu vizuri. Tukisema upande ule wote ulikuwa wa wauaji, kwamba ndivyo walivyo, tunadhani tumewalaani. Kumbe tumewasamehe. Simba haitwi mahakamani kwa kula mbuzi. Kama kuua ni asili yao, basi hakuna aliyechagua, na kama hakuna aliyechagua, hakuna mwenye hatia. Yule jirani aliyebeba blanketi usiku ndiye shahidi mkubwa kuliko wote dhidi ya walioandika orodha. Yeye alikuwa na sababu yao yote na zaidi: mdogo wake kaburini, udongo haujakauka. Na bado alichagua vingine. Kwa hiyo iliwezekana kuchagua vingine. Kila aliyeua angeweza kuwa yeye. Mhariri aliposema aya ile inawasifu wauaji aliisoma kichwa chini. Ilikuwa ndiyo aya pekee katika makala nzima iliyowahukumu.

Na inafanya kazi nyingine pia, hii ya upande wa ndani. Jirani akiingia kwenye hadithi, anaingia na mdogo wake. Huwezi kumsimulia bila kusema alikuwa anatoka matangani, na huwezi kusema alikuwa anatoka matangani bila kusema nani aliua. Ndiyo maana kule kwenye moto wa Ulyankulu kulikuwa kimya. Sidhani watu walikasirishwa na wema wa Mtutsi mmoja. Nadhani walikasirishwa na samaki wale ambao hawakununuliwa.

Majuzi tu tumeona jinsi jambo hili lilivyo gumu hata kwa dola. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilifukua makaburi ya halaiki, na mwezi Februari 2020 ikatangaza kupata mabaki ya watu zaidi ya 6,000 katika mkoa wa Karusi. Desemba 2021 Bunge likayatambua mauaji ya 1972 kuwa ya kimbari dhidi ya Wahutu. Kwa familia zilizosubiri nusu karne bila hata kaburi la kupeleka ua, hiyo si siasa, ni haki. Wapo pia waliolalamika kwamba jembe lilichimba upande mmoja tu. Mimi naona yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja: kaburi lazima lifukuliwe, na anayefukua lazima akubali kwamba jembe linaweza kugonga mfupa ambao hakuutarajia.

Nirudi kwenye mtaa wetu na ukimya wake, maana mama yangu hajawahi kusoma Malkki wala Linna na bado nadhani alilielewa jambo hili kabla yangu. Kiswahili kina maneno mawili ambayo waandishi wa habari tunayachanganya. Kuna kuficha, na kuna kusitiri. Tunaficha kitu ili kisijulikane. Tunamsitiri mtu ili asidhalilike. Mtaa mzima wa Usoke ulijua, kwa hiyo hakuna kilichofichwa. Walimsitiri mzee wa watu, wakamwachia yeye aamue siku na saa ya kusema na nani wa kumwambia. Ukimya huo ulikuwa wa kulinda mtu. Ukimya wa mhariri wangu, ambao na mimi niliutia saini, ulikuwa wa kulinda hadithi. Kwa nje vinafanana, maana vyote viwili ni mdomo uliofungwa. Ila cha kwanza kilimwachia mzee nafasi ya kusema siku moja. Cha pili kilimnyang'anya hata alichokuwa amesema.

Na tuna kitu kingine kilichotukalia mkononi bila kukithamini. Wanyamwezi tuna watani wetu Wangoni. Karne ya 19 Wangoni walipita nchi hii wakiteka na kuchoma, na Mirambo mwenyewe, ambaye jina lake liko kwenye shule na mitaa ya Tabora, inasimuliwa alijifunza kwao namna ya kupigana. Kisha ile damu ikageuka utani. Mngoni anaingia msibani kwetu, anazuia jeneza lisitoke, anadai alipwe kwanza, anamkejeli marehemu, na wafiwa wanacheka huku wanalia. Zamani nilidhani utani ni namna ya kusahau vita. Sasa naona ni namna ya kuvikumbuka, yenye sharti moja: huwezi kufanya utani peke yako. Lazima mtani awepo. Vita vinasimuliwa mbele ya aliyepigana nawe, naye ana haki ya kujibu.

Sisemi Ikiza iwe utani. Utani wetu umechukua vizazi, na kuna vifo ambavyo havicheki. Ninachokichukua pale ni lile sharti. Hadithi ya vita vya ndugu inakuwa hatari pale inapoweza kusimuliwa vizuri zaidi kama upande wa pili hayupo chumbani. Nilipoisoma upya makala yangu ya 2022, nilijiuliza kama ningeweza kuisoma kwa sauti mbele ya yule jirani. Nisingeweza. Si kwamba ina uongo, maana kila sentensi niliihakiki. Ni kwamba nisingejua nimweke wapi macho, kama fundi pale matangani.

Kwa hiyo kwa swali langu nimefika hapa tu. Mtoto hairithi vita kwa kuambiwa yaliyotokea, na haponi kwa kunyimwa. Anairithi anapopewa hadithi isiyo na mtu upande wa pili, kwa sababu siku akikutana na wa upande ule hatakuwa na pa kumweka zaidi ya pale alipowekwa "wao". Kama yupo hata mmoja ambaye alibeba blanketi, mtoto aambiwe. Kama hayupo, aambiwe hivyo pia, bila kubuni.

Mzee alinitajia jina la yule jirani. Alilitamka mara mbili ili nisikosee, kisha akasema hajui kama alifika kwake asubuhi ile, wala waliomwona walimfanya nini. Jina lenyewe siliandiki, kwa sababu huenda ana watoto, na sijui mlimani kwao hadithi ipi ndiyo inayotawala leo. Hilo ni la kulisitiri. Lakini aliomba aandikwe, na mara ya kwanza nilishindwa.

Mzee, jamaa yumo sasa.